Funga Moja, Wadai Wanne

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ile ambayo betri za redio zilianikwa juani zipate nguvu tena, palikuwa na kijiji katika nchi ya milima na baridi. Sogeeni. Msinisikilize kwa masikio peke yake, maana mwishoni nitawauliza, na mimi mwenyewe jibu sina. Darasa langu ni dogo. Nikipindisha mahali, Mungu anisamehe, na nyinyi mninyooshe.

Kijiji kile Mungu alikijalia kitu kimoja. Chini ya mlima yalitoka maji yaliyopata moto kidogo, yakitoka yenyewe mwambani, yakajaa kwenye kidimbwi kilichojengewa mawe na watu wa kale. Kidimbwi kiliitwa Vuguvugu. Asubuhi ya kipupwe, maji ya mtungini yanapouma vidole, Vuguvugu ilikuwa inafuka mvuke taratibu kama chungu kilichoepuliwa. Kunywa hawakuyanywa, yalikuwa na ladha ya chuma. Lakini walioga hapo, walifua hapo, na kwa kuwa msikiti ulikuwa jirani, walitia udhu hapo.

Basi ng'ambo ya mlima, kwenye kijiji kingine chenye maji ya moto, kijana mmoja alijirusha kidimbwini kwa mchezo. Zikapita siku chache, akashikwa na kichwa, akafa. Waganga wa mjini wakashuku mdudu asiyeonekana kwa macho, amiba. Amiba wapo wa namna nyingi. Yule wa tumboni anayewaharisha watu damu mnamjua. Huyu ni mwingine. Anakaa kwenye maji ya uvuguvugu na kwenye tope lake. Ukimnywa hakudhuru. Anapita puani tu, anapanda mpaka kwenye ubongo, na akishafika huko waganga wengi hushika tama.

Ikatoka amri kwamba Vuguvugu isiguswe mpaka maji yapimwe. Watu wakarudi kwenye kisima cha baridi. Watoto wakakohoa, wazee wakanung'unika, na kila mmoja akawa anamsubiri mpimaji kama wanavyosubiriwa watu wanaotoka Hija.

Vuguvugu ilikuwa na mtunzaji wake, Bi Chausiku, mwanamke wa mvi nyingi. Kazi ile aliirithi kwa mama yake. Mara moja kwa mwaka, Ramadhani ikikaribia, alizibua tundu la chini, maji yote yakatoka, akasugua ukoga kwenye mawe, akakomba tope, kisha akaziba na kuacha maji mapya yajae. Mwaka ule Ramadhani ilikuwa bado iko mbali. Lakini Bi Chausiku aliposikia kwamba anakuja mgeni kutoka mjini kuja kuyatazama maji, alijiambia mgeni haonyeshwi jaa. Akachukua jembe, akainama peke yake na mgongo wake mbovu, akazibua, akasugua, akakomba, akaziba. Mpaka mgeni anafika, Vuguvugu inang'aa hata ungeweza kuhesabu mawe ya chini.

Nasema kweli, hata mimi ningefanya hivyo hivyo. Nani kati yetu hafagii uwanja akisikia hodi?

Mgeni mwenyewe alikuwa mwanamke, jina lake Aneth, Mkristo, mtaratibu, amebeba chupa nyingi hata watoto wakambatiza Bi Chupa. Alipiga magoti ukingoni, akatazama maji, akamwuliza Bi Chausiku kama ndivyo yalivyo siku zote. Bi Chausiku akaukumbuka ule ukoga wa juzi, akaona haya. Akajibu, "Siku zote, mwanangu."

Aneth akachota. Sasa sikilizeni hapa. Chupa za maji ya visima, zile za kutafutia homa ya matumbo, huwekwa kwenye barafu ili zifike mjini zikiwa kama zilivyochotwa. Chupa za kumtafutia huyu amiba haziwekwi kwenye barafu. Ni kiumbe wa joto. Ukimpoza anasinyaa na kufa njiani, na huko mjini hataonekana. Aneth alilijua hilo. Lakini jua lilikuwa kali, dereva alikuwa anapiga honi, na kasha la barafu lilikuwa wazi na chupa za visima zimo ndani. Mikono ikafanya inachokifanya kila siku. Chupa za Vuguvugu zikaingia barafuni pamoja na zile za visima, kifuniko kikafungwa.

Jibu likaja. Kutoka mjini lilitoka neno "hakuonekana". Lilipofika kijijini lilikuwa limeshakuwa "hayupo". Nani alilibadilisha njiani sijui. Labda ni furaha yenyewe. Watu wakarudi Vuguvugu wanacheka.

Kijijini hapo alikuwapo mjane mmoja, Zamda. Alikuwa na watoto wawili: Shufaa, binti ambaye meno yake ya utotoni yalikuwa hayajaisha kung'oka, na Twaha, aliyekuwa angali ananyonya. Shufaa alisoma Kurani chuoni kwa Maalim Mikidadi. Maalim aliwafundisha watoto udhu kama ulivyofundishwa: ukifika puani, vuta maji vizuri, yapande, kisha yatoe, isipokuwa kama umefunga. Watoto wengine walilowesha pua kwa ncha ya kidole, wakakimbia. Shufaa alifumba macho akavuta mpaka machozi yakamtoka. Wenzake wakamwita Tembo. Maalim akawaambia, "Mtazameni Shufaa. Huyu anatia udhu. Nyinyi mnajipaka."

Asubuhi moja ya baridi, Shufaa aliamka anakohoa. Akaukaribia mtungi atie udhu hapo hapo nyumbani. Mama yake alikuwa anamnyonyesha Twaha, wala hakugeuka. Akamwambia aende Vuguvugu akapashe kifua. Shufaa akasema, "Mama, ya mtungini yananitosha." Zamda akasema, "Nenda, mwanangu, kuna joto." Akaenda.

Haukupita muda mrefu Shufaa akasema kichwa kinamuuma. Mama yake akampikia uji, akautia tangawizi. Shufaa akaunusa, akasema, "Mama, uji hauna harufu." Zamda akadhani ni mafua. Jioni akatapika. Shingo ikakakamaa. Wakambeba kwenda hospitali, na njiani akamtazama mama yake kama anavyotazamwa mpita njia. Hospitali walifanya waliyoyaweza. Inna lillahi. Walirudi naye amefunikwa kanga ileile aliyobebewa wakati wa kwenda.

Watu wakasema ni amri ya Mungu, na ni kweli ilikuwa amri ya Mungu. Zamda alilia, akanyamaza, akaendelea kunyonyesha. Jambo lingeishia hapo kama Aneth asingesikia habari.

Aneth alirudi, safari hii na kasha lisilo na barafu. Aliikuta Vuguvugu imerudi hali yake, mawe yana utelezi, pembeni pana tope laini. Akakwangua tope kwa kijiko, akakwangua na ukoga, akachota maji ya juu, akazifunga chupa kwenye kanga, akazipakata kwenye gari kama mtu aliyebeba mayai. Huko mjini akayatandaza kwenye sahani zenye chakula ambacho wadudu wale wanakipenda, akaziweka kabatini kwenye joto lililozidi joto la mwili wa mtu. Amiba wakaamka, wakala, wakaacha njia kama za konokono ukutani. Akawadondoshea maji safi kabisa, akaweka jicho kwenye darubini. Viumbe wale waliokuwa wanatambaa wakaota mikia miwili miwili, wakaanza kuogelea. Hapo akajua ndio wenyewe. Vipimo vingine vikathibitisha. Wanasema aliinuka kwenye darubini akaketi sakafuni.

Akaja mwenyewe kijijini kusema, hakutuma mtu. Akaeleza maji yana nini, na kwamba mdudu yule hukaa topeni, kwenye maji mapya haonekani upesi, akaeleza na lile kosa la barafu, mbele za watu, hakujificha. Bi Chausiku aliyekuwa ameketi nyuma akasikia neno tope, akasikia neno maji mapya, akainuka. Naye akayasema ya kwake. Vuguvugu ikazungushiwa miiba siku hiyohiyo.

Kesho yake Zamda alimwendea Maalim akamwuliza: mtu akiua bila kukusudia, kafara yake nini? Maalim hakujua linakotoka swali. Akamjibu alivyosoma, kwamba watumwa wa kuacha huru siku hizi hawapo, basi mtu huyo hufunga miezi miwili mfululizo. Zamda akashukuru, akarudi nyumbani. Alfajiri hakula, na mchana hakula, na kesho yake hivyo hivyo.

Jioni alipofungua alikunywa maji akala tende, chakula hakikupita kooni. Maziwa yakapungua. Yakapungua tena. Twaha akawa anavuta, anaachia, anamtazama. Mwasiti, dada wa marehemu mume wa Zamda, mwanamke mwenye mdomo lakini moyo wake mweupe, alijaribu kumpa mtoto maziwa ya mbuzi, akayatapika yote. Akamkumbusha wifi yake kwamba mwenye kunyonyesha ameruhusiwa kula hata Ramadhani, akalipa baadaye. Zamda akamjibu kwamba ya Ramadhani ni funga ya mtu mwema, hii ni ya muuaji, haiombewi nafasi.

Mwasiti akaona mtoto wa pili naye anakwenda. Akawaita wote: Maalim Mikidadi, Bi Chausiku, na Aneth akapelekewa ujumbe mjini, akaja. Alasiri wakaketi kwenye mkeka uwanjani kwa Zamda. Mwasiti akaleta bakuli la uji wa moto, akalifunika kwa sahani, akaliweka mbele ya wifi yake. Akasema, "Mimi sina elimu yenu. Najua huyu akila, mtoto ataishi. Zungumzeni."

Zamda akanena kwa sauti ndogo. Alisema funga ni moja kwa sababu maiti ni moja. Yeyote anayejua kosa lake limelizidi la Zamda na aseme, na yeye akimwamini, atafunua sahani ale.

Maalim akatangulia. "Funga ni yangu, Zamda. Kula." Akasema mafundisho ya udhu ni safi, hayana doa, doa ni lake yeye. Aliwaona watoto wengine wanajipaka, akawaacha. Bali alimsifia Shufaa, akamsifia mbele ya wageni, kwa sababu alipenda waseme Maalim Mikidadi ana mwanafunzi wa namna ile. "Nilimpamba kwa ajili ya jina langu," akasema. "Ningenyamaza, angefanya kama wenzake. Na wenzake wako hai."

Mwasiti akamkumbusha vidonda vyake vya tumbo, kwamba hata Ramadhani iliyopita alianguka msikitini. Maalim akasema tumbo ni lake.

Zamda akamtazama. "Maalim, siku ukimsifia alikuwa anarudi nyumbani anaimba. Nikikulaumu kwa sifa zile, nitakuwa nimemnyang'anya na hicho kidogo alichokuwa nacho." Hakufunua sahani.

Bi Chausiku akasogea kwa magoti. "Funga ni yangu, Zamda. Kula." Akasema kufagia si dhambi, lakini aliulizwa swali, na kwa mvi zake zote akajibu uongo. Angesema tu, mwanangu nimekisafisha juzi, mpimaji angesubiri mpaka kirudi kilivyo, au angekwangua kwenye nyufa. "Niliona haya ya ukoga," akasema. "Haya ya ukoga imemzika mtoto."

Zamda akamshika mkono. "Bibi, hata ungesema kweli, chupa zingeingia barafuni. Wadudu wangekufa humo humo, na jibu lingekuwa lile lile." Hakufunua sahani.

Aneth alikuwa analia tangu alipoketi. "Funga ni yangu, Mama Shufaa. Kula." Akasema yeye si wa dini yao na hajui funga yake itapokewaje, lakini ataifunga yote, siku hata siku.

Mwasiti akamwambia, "Nyinyi mnafunga na chai mnakunywa." Hata Bi Chausiku akatabasamu kidogo, katika machozi yake.

Aneth akasema hatakunywa. Akasema wengine wote pale walikosa kwa kutojua, yeye alijua. Alifundishwa, akafuzu, kisha akaiachia mikono ifanye mazoea kwa sababu ya honi ya dereva. "Mtu ananilipa nione asichokiona yeye," akasema. "Nami nikafumba."

Zamda akafikiri kwa muda juu ya hilo. Mwasiti akainama kuufunua uji. Lakini Zamda akatikisa kichwa. "Dada, hata usingeweka barafu, ulichota maji mapya. Ulimtafuta mtu kwenye nyumba iliyokwisha kufagiwa."

Mmeona fundo lilipo? Ukimshika Bi Chausiku, barafu inasimama mbele yake. Ukimshika Aneth, jembe linasimama mbele yake. Kila mmoja anamkinga mwenzake, na hakuna hata mmoja wao aliyetaka kukingwa.

Mwasiti akachoka. "Basi nyote watakatifu," akasema, "na Shufaa amejifia kwa kupenda. Na wewe, wifi, kosa lako wewe ni lipi kubwa hivyo? Uliambiwa maji yamepona. Ungejuaje?"

Zamda akasema, "Kwenye mtungi wangu hapakuwa na barafu wala jembe. Aliniambia ya mtungini yanamtosha. Nilimsikia kwa masikio haya. Sikugeuka hata kumtazama." Kisha akasema, "Mkinisamehe mimi kwa sababu sikujua, mtawasamehe na hawa. Na tukishasameheana wote, mwanangu ameuawa na nani?"

Maalim akashauri wafunge wote wanne, kila mtu miezi yake, Mungu ndiye atakayepokea ya anayestahili. Zamda akamwambia wanne ni pamoja na yeye. Maalim akasema basi wafunge wao watatu. Zamda akauliza, kama mlango ulifunguliwa na watu watatu, kwa nini yeye aliyemsukuma mtoto apite aachwe nje ya funga?

Twaha akaamka ndani. Hakulia kama mtoto wa umri wake. Alilia kama paka aliyefungiwa mbali. Mwasiti akamleta. Zamda akampa titi. Akavuta, akaachia, akavuta, akaachia, akamtazama mama yake usoni, na mkono wake mdogo ukawa unapapasa kifuani kama anayetafuta kitu kilichoangushwa gizani.

Maalim Mikidadi akasema mara ya pili, "Funga ni yangu." Bi Chausiku akasema, "Ni yangu." Aneth akasema, "Ni yangu." Zamda aliliangalia bakuli.

Hapa ndipo alipoishia aliyenisimulia, nami siongezi la kwangu, nisije nikamzulia mtu. Msiniambie ilikuwa amri ya Mungu. Pale mkekani hakuna aliyekana hilo, na bado mmoja lazima afunge ili mmoja ale. Msiniambie wafunge wote, mmeshasikia alivyojibu. Yupo aliyemsifia mtoto kwa ajili ya jina lake. Yupo aliyesema uongo wa neno moja kwa haya ya ukoga. Yupo aliyejua akasahau. Na yupo mama ambaye hakugeuka.

Je, funga ile ilikuwa ya nani? Na nani atamwambia Zamda maneno ambayo atayaamini?

Semeni upesi. Uji unapoa.